Kinshasa na Nairobi ziko mbali sawasawa na Lubumbashi. Mbona tiketi inasema vingine?



Kila mwaka diploma zikisha kutoka, swali moja linarudi katikati yetu: "Toka hapa mpaka kule ni masaa ngapi?" Mmoja ameitwa Kinshasa kwa mahojiano ya kazi. Mwingine amepata nafasi ya kuendelea na masomo Nairobi. Wa tatu ana dada Johannesburg ambaye amemtumia pesa ya safari. Kila mmoja anachukua simu yake, anatazama tiketi, anatoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, na anapata jibu. Mara nyingi jibu hilo si la kweli. Si kwamba hajui kuhesabu, maana wote hapa tumesoma. Shida ni kwamba tiketi inaandika saa za miji miwili tofauti kwenye mstari mmoja, na hakuna anayetuambia.

Mimi nilisoma jiografia, njo maana bantu wananiuliza mara kwa mara. Leo naandika jibu zima mahali pamoja, ili mwenye kulihitaji alikute. Chukueni kalamu, kuna hesabu kidogo, lakini si ya kutisha.

Tuanze na kilometa, maana kilometa hazibadiliki kufuatana na saa.

Uwanja wetu wa Luano uko kwenye digrii 11.6 kusini ya ikweta na digrii 27.5 mashariki ya Greenwich. Uwanja wa N'djili kule Kinshasa uko kwenye digrii 4.4 kusini na 15.4 mashariki. Tofauti ya kwanza, ile ya kusini na kaskazini, ni digrii 7.2. Tofauti ya pili, ile ya mashariki na magharibi, ni digrii 12.1. Digrii moja juu ya uso wa dunia ni kama kilometa 111. Kwa hiyo kutoka Luano unapanda kaskazini karibu kilometa 800, na unaenda magharibi karibu kilometa 1,330. (Upande wa magharibi nimepunguza kidogo, kwa sababu digrii za mashariki na magharibi zinajibana kadiri unavyoiacha ikweta.) Sasa mkumbuke Pythagoras, yule tuliyemkuta sekondari tukamkimbia: mraba wa 800 ujumlishwe na mraba wa 1,330, kisha utafute kipeuo. Inatoka karibu kilometa 1,550.

Hiyo ndiyo Lubumbashi mpaka Kinshasa kwa mstari ulionyooka, jinsi ndege anayeruka kwa mabawa yake angepita.

Sasa fanyeni hesabu ileile kwa Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko digrii 1.3 kusini na 36.9 mashariki. Mtapata karibu kilometa 1,540. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kati ya Kinshasa na Nairobi, tofauti ya umbali toka kwetu ni kama kilometa 10 tu, yaani safari ya teksi. Johannesburg nayo iko karibu kilometa 1,620. Na Dar es Salaam? Karibu 1,380. Maana yake, mtu wa Lubumbashi akisimama Luano, Bahari ya Hindi kule Dar es Salaam iko karibu naye kuliko mji mkuu wa nchi yake mwenyewe.

Wengi nikiwaambia hivyo wanakataa. Wanasema Kinshasa ni kwetu na Nairobi ni inje. Lakini mpaka wa nchi haupunguzi kilometa. Chukua kompasi, weka sindano juu ya Lubumbashi, fungua mpaka Kinshasa, kisha zungusha: kalamu itapita karibu kabisa na Nairobi, na itakosa Johannesburg kidogo tu. Tuko katikati ya duara, na miji mitatu mikubwa ya Afrika iko kwenye ukingo wake.

Tuwaweke hao watatu mbele yetu: Kinshasa, Johannesburg, Nairobi. Umbali karibu sawa. Je, muda wa kuruka nao ni sawa?

Ndege kubwa za injini za jeti, aina ya Boeing 737 au Airbus A320, zikisha kufika juu zinakwenda karibu kilometa 830 kwa saa. Lakini hazianzi na mwendo huo. Kwanza inatembea polepole chini mpaka kwenye njia ya kurukia, inangoja ruhusa, inapanda kwa dakika 20 hivi, na mwisho inashuka tena kwa muda kama huo. Mimi natumia kanuni moja rahisi: gawa kilometa kwa 800, halafu ongeza nusu saa. Kwa Kinshasa, 1,550 ukigawa kwa 800 ni karibu saa 1 na dakika 55. Ongeza nusu saa: saa 2 na dakika 25. Kwa Nairobi ni hivyohivyo. Kwa Johannesburg ni saa 2 na nusu.

Kanuni hiyo haikupi saa ya kweli ya kila ndege, inakupa kipimo cha akili. Ukipewa ndege ya propela, ongeza saa nzima au zaidi, maana zile nyingi hazifiki kilometa 650 kwa saa. Ndege ikishuka njiani, tuseme Mbuji-Mayi au Kananga, kuchukua abiria wengine, ongeza tena saa moja na zaidi. Na toka mwezi wa 11 mpaka wa 3, mvua inapokuwa kali, rubani analazimika kuzunguka mawingu ya radi. Yale mawingu ya huku kwetu yanaweza kupanda juu kupita kilometa 15, wakati ndege ya abiria inaruka kwenye kilometa 10 mpaka 12. Haiwezi kupita juu yake, na ndani yake hakuna rubani mwenye akili anayeingia. Inazunguka. Dakika 10, dakika 15 zinapotea hapo, na ni dakika nzuri za kupoteza.

Haya. Sasa tuchukue ndege tatu zinazoondoka Luano siku moja, zote saa 10:00 asubuhi, mfano tu wa kuhesabia. Ya kwanza inaenda Kinshasa, ya pili Johannesburg, ya tatu Nairobi. Tazama tiketi zitasema nini:

Kinshasa: kuondoka 10:00, kufika 11:25.
Johannesburg: kuondoka 10:00, kufika 12:30.
Nairobi: kuondoka 10:00, kufika 13:25.

Mtu asiyejua akizitazama atasema: Kinshasa ni saa moja na nusu hivi, Nairobi ni saa tatu na nusu, kwa hiyo Nairobi ni mbali mara mbili na zaidi! Kumbe wale abiria wa Kinshasa na wale wa Nairobi watakaa kwenye viti vyao muda uleule: saa 2 na dakika 25. Kilichobadilika ni saa ya ukutani kule wanakoshukia. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Nairobi iko mbele yetu saa moja. Johannesburg iko saa moja na sisi.

Hii si ajabu kwa mtu wa Kongo, tumekua nayo. Tangu utoto tunasikia kwenye redio mtangazaji anasema ni saa fulani Kinshasa, na saa fulani Lubumbashi. Nchi yetu ina saa mbili. Magharibi, yaani Kinshasa, Kongo Central, Bandundu ya zamani na Équateur ya zamani, wanafuata saa ya Greenwich ukiongeza 1. Sisi wa Katanga, pamoja na Kasaï zote, Kivu zote, Maniema na ile iliyokuwa Province Orientale, tunaongeza 2. Kenya na Tanzania wanaongeza 3. Tunalijua hilo kwa masikio, lakini tukishika tiketi tunalisahau.

Na kwa nini iwe hivyo? Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa, au digrii moja kwa dakika 4. Kati yetu na Kinshasa kuna digrii 12.1. Mara 4, ni dakika 48. Kwa hiyo jua linapofika katikati ya anga hapa Lubumbashi, Kinshasa watangoja dakika 48 ndipo walione katikati. Serikali haziwezi kuweka saa yenye dakika 48, kwa hiyo dakika 48 zikawa 60. Kwa Nairobi hesabu ya jua inatoa dakika 38 tu, lakini nayo sheria imeifanya saa nzima. Jua linatoa msingi, sheria inakamilisha. Kwa Johannesburg tofauti ya jua ni dakika 3 tu, njo maana hakuna la kubadilisha: ukishuka kule, saa yako ya mkononi iko sawa.

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya watu wa vitabu. Hapana. Nitawapa mfano mmoja ambao niliuona kwa macho yangu, katika familia iliyo karibu nasi.

Baba mmoja alifariki hapa Lubumbashi. Mtoto wake wa kwanza anaishi Kinshasa. Kwa desturi yetu hauwezi kufunga kaburi la baba na mutoto wa kwanza hajatupa udongo. Kule akapata nafasi kwenye ndege ya siku ileile ya maziko, na akapiga simu: ndege inatoka Kinshasa saa 11:00. Pale kwenye kilio, wazee wakakaa kupanga saa ya kuondoa mwili. Mzee mmoja akasema: "Ndeke iko natoka kule saa 11:00, inafanya masaa mbili na kidogo. Basi saa 13:30 mutoto eko hapa. Tutoke saa 14:00." Wote wakakubali. Baadaye mdogo wa marehemu akapokea picha ya tiketi kwenye simu, akaona imeandikwa kufika saa 14:25. Yeye akasema: "Mwongeze na ile saa moja ya Kinshasa, basi ni 15:25. Hatuwezi kungoja, tutazika usiku!" Na maneno yakaanza kupanda. Wengine wakasema bora kuahirisha mpaka kesho, na kuahirisha ni pesa nyingine: chakula cha bantu wote wale, viti, gari, na siku nyingine kule mochwari.

Wakaniita. Nikachukua karatasi. Yule mzee wa kwanza alihesabu kwa saa ya Kinshasa toka mwanzo mpaka mwisho: 11:00 na saa 2 na dakika 25 ni 13:25, lakini ni 13:25 ya kule. Hapa kwetu wakati huo ni 14:25. Yule mdogo wa marehemu naye aliongeza saa moja juu ya saa ambayo tiketi ilikuwa imeshaiongeza. Saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji wa kufika, haihitaji kuongezwa kitu. Kwa hiyo ukweli ulikuwa katikati: 14:25, saa yetu. Toka Luano mpaka nyumbani, na begi lake la mkononi tu, tukampa saa moja. Tukasema mwili utoke saa 16:00. Jua linazama hapa kwenye saa 18:00, kuna nafasi.

Ndege ilichelewa dakika kidogo. Mtoto aliingia uani kabla ya saa kumi za jioni, jeneza lingali sebuleni. Akamwona baba yake. Tukaenda makaburini, na yeye akatupa udongo wa kwanza.

Kama wangetoka saa 14:00, wakati huo yeye angekuwa bado angani. Saa moja iliyohesabiwa vibaya ingemkosesha jambo ambalo hakuna ndege inayoweza kumrudishia. Njo maana nasema hesabu hii si ya vitabu.

Sasa twende kwenye jambo la pili linalowadanganya wengi: muda wa ndege si muda wa safari.

Historia inatupa mfano mzuri. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry, pamoja na wenzake wawili, aliruka kwa ndege ya Sabena toka Brussels mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Waliondoka tarehe 12 mwezi wa 2, wakafika tarehe 3 mwezi wa 4. Siku 51. Lakini ukijumlisha muda ambao ndege ilikuwa hewani kweli, haukupita masaa 76. Siku zile nyingine zote zilikuwa za kutengeneza, kungoja hali ya hewa, kutafuta njia. Yaani katika safari ile, kuruka kulikuwa sehemu ndogo kabisa ya muda.

Leo tumeendelea, lakini kanuni imebaki. Tuhesabu safari ya mmoja wetu anayeitwa kwenye mahojiano kule Gombe, Kinshasa, na ndege yake ni ile ya saa 10:00. Anatoka nyumbani 6:30. Saa 7:15 yuko Luano, maana kuna mlolongo wa kuonyesha Go-Pass, wa kupima mizigo, wa kupekuliwa. Saa 10:00 ndege inaondoka. Inatua N'djili 12:25 kwa saa yetu, ambayo ni 11:25 kwa saa yao. Anangoja valizi yake, anatoka inje saa 12:15 ya kule. Halafu kuna Boulevard Lumumba. Toka N'djili mpaka Gombe ni kama kilometa 25, umbali ambao kwa njia tupu si kitu. Lakini kila aliyepita pale anajua msongamano wa magari wa Kinshasa. Mpe masaa mawili. Anafika Gombe 14:15 ya kule. Kwa saa ya mwili wake ni 15:15. Ametumia saa 8 na dakika 45 toka mlango mpaka mlango, na katika hizo, saa 2 na dakika 25 tu ndizo za ndege.

Sasa mtu huyo kama alitazama tiketi tu, akaona "kufika 11:25", akakubali mahojiano ya saa 13:00, ameshapoteza kazi kabla hajaondoka nyumbani. Na pesa ya tiketi imekwenda, tiketi ambayo pengine familia nzima ilichanga. Ushauri wangu kwa vijana ni mmoja: mahojiano ya Kinshasa, nenda siku moja kabla. Kama hauna pa kulala, tafuta kwanza pa kulala ndipo ununue tiketi.

Mtu ataniuliza: kama ndege ina shida hivyo, mbona tusiende kwa njia ya chini? Hapo ndipo tunagusa kidonda.

Reli ipo, na ni ya zamani. Ile reli ya BCK ilifika Ilebo, wakati ule ikiitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Inatoka kwetu, inapita Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Mwene-Ditu, Kananga, na inaishia Ilebo kwenye mto Kasaï. Toka pale mpaka Kinshasa hakuna reli, haijawahi kuwekwa. Unashuka, unatafuta boti, unafuata mto Kasaï na kisha mto Kongo. Safari ya namna hiyo haihesabiwi kwa masaa, inahesabiwa kwa wiki, na mara nyingine zaidi. Barabara nayo, kupitia Kasaï na Kikwit, ni zaidi ya kilometa 2,000, na kuna sehemu ambazo mvua ikinyesha lori linalala siku nyingi kwenye matope.

Linganisheni na upande wa mashariki. Lori la shaba linatoka hapa, linavuka Kasumbalesa, linapita Zambia mpaka Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya, Morogoro, Dar es Salaam. Ni karibu kilometa 2,000 za barabara kwa umbali ambao angani ni 1,380. Linachukua siku kadhaa na linangoja sana mipakani, lakini linafika, na kila siku yako mengine nyuma yake. Abiria mwenye pesa kidogo anaweza kupanda basi toka mji mpaka mji na akafika baharini. Kwenda mji mkuu wake mwenyewe hawezi hivyo. Kwa hiyo kwetu sisi ndege ya Kinshasa si starehe ya matajiri. Kwa mwenye haraka, ndiyo barabara. Asiyekuwa na bei ya tiketi hana njia ya kufika kwenye ofisi zinazoamua mambo yake kabla mambo hayo hayajaamuliwa.

Njo maana pia mambo mengi siku hizi yanafanywa kwa intaneti, na hapo ile hesabu ya saa inarudi tena, sasa bila ndege. Mkiandikiwa "mahojiano saa 9:00, saa ya Kinshasa", kwetu ni 10:00. Mkiandikiwa "saa 9:00" peke yake, msikisie: andikeni kuuliza ni saa ya wapi. Hakuna mwajiri atakayekucheka kwa swali hilo, na anaweza hata kukuona mtu makini.

Kwa Brussels na Paris kuna jambo moja zuri la kushika. Wao wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 3 na Jumapili ya mwisho ya mwezi wa 10. Wakati wa baridi kwao, saa yao ni sawa na ya Kinshasa. Wakati wa joto, saa yao ni sawa na ya Lubumbashi. Kwa hiyo kozi ya intaneti uliyokuwa unaifuata saa 18:00 mwezi wa 9, mwezi wa 11 utaikuta saa 19:00. Kozi haikuhama, saa ya kule ndiyo iliyorudi nyuma. Sisi huku hatubadilishi kitu.

Na kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi kuna mtego mwingine. Sisi tuliosoma hapa, wengi tunataja saa kwa Kifaransa. Wao wakiongea Kiswahili wanahesabu toka jua linapotoka. Akikuambia "nitakupokea saa nne asubuhi", anamaanisha 10:00 ya kwenye tiketi. Akisema "saa saba mchana", ni 13:00. Tofauti ni 6. Basi ukipanga naye kwa simu, mwambie akuandikie kwa tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, kisha kumbuka kwamba yeye yuko mbele yako saa moja.

Nimalize kwa kuwaachia njia fupi ya kufuata, iwe ya kwenda Kinshasa au kokote.

Kwanza, saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondoka, saa ya kufika ni ya mji wa kufika. Usiongeze wala kutoa kitu kama unataka tu kujua nani akupokee saa ngapi.

Pili, ukitaka kujua utakaa angani muda gani, geuza saa zote mbili ziwe za mji mmoja, ndipo utoe. Kufika 11:25 Kinshasa ni 12:25 Lubumbashi, toa 10:00, unapata saa 2 na dakika 25.

Tatu, pima jibu lako kwa kanuni ya kilometa: gawa kwa 800, ongeza nusu saa. Addis Ababa iko karibu kilometa 2,600, kwa hiyo saa 3 na dakika 45 hivi. Brussels iko karibu 7,300, kwa hiyo karibu saa 9 na nusu kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja. Jibu lako likiwa mbali sana na kipimo hicho, ama ndege inashuka njiani, ama umechanganya saa.

Nne, ongeza mlango mpaka mlango: nyumbani, mlolongo, valizi, na barabara ya kule. Kwa Kinshasa, ndege ya saa mbili na nusu ni kazi ya siku nzima.

Tano, kama kuna bantu wanaokungoja, iwe kwa kazi, kwa harusi au kwa kilio, usiwape saa ya kuondoka peke yake. Wape saa ya kufika, na waambie ni saa ya wapi.

Tuko pamoja. Safari njema kwa wote wanaojiandaa.